Kuzamia na mtungi Ziwa Tanganyika mara ya kwanza: mwongozo kwa sisi tuliozoea kubana pumzi

Nilipomwambia mama nakwenda kuzamia alikaa chini kwenye mkeka akashika kichwa. Yeye kuzamia anakokujua ni kule kwa vijana wanaojificha kwenye meli waende nchi za watu bila nauli, kwa hiyo ikabidi nimweleze polepole kwamba hapana mama, hii ni ya kuvaa mtungi wa hewa mgongoni, unashuka chini ya maji, unaangalia samaki, unapanda juu unarudi nyumbani. Akaniuliza, samaki si unawaona kila siku pale sokoni? Sikuwa na jibu zuri siku ile. Sasa hivi ninalo, ila nalo linahitaji maelezo kidogo, ndo maana naandika huu mwongozo, hasa kwa ajili ya watu wa Kigoma na ndugu zetu wa Tabora wanaoshuka na treni kuja kupumzika siku tatu nne pale ufukwe wa Jakobsen halafu wanaishia kupiga picha juu ya mawe.

Kabla ya yote nikwambie kosa letu sisi watoto wa ziwa. Ujiji tulikuwa tunashindana kubana pumzi, mmoja anazama wengine wanahesabu, na anayefika sitini anakuwa mfalme wa siku hiyo. Mimi nilikuwa nafika hamsini na kitu na nilijiona samaki. Sasa ule ujuzi wote kwenye kuzamia na mtungi ni sumu. Sheria namba moja ya mchezo huu, na kama utasahau kila kitu kwenye haya maandishi usisahau hii, ni kwamba chini ya maji ukiwa na mtungi HUBANI PUMZI. Hata sekunde tano. Kwa nini, nitaeleza hapo mbele, lakini ianze kukuingia kichwani kuanzia sasa maana mtu asiyejua kuogelea kabisa anaielewa haraka kuliko sisi tunaojua.

HATUA YA 1: Ulizia kwa simu kabla hujakata tiketi

Kigoma sio Nungwi. Zanzibar unatembea ufukweni unakutana na vibao vya kuzamia kila baada ya hatua mia, huku kwetu usitegemee kushuka stesheni ukute mtu anakusubiri na mitungi. Mara nyingi vifaa na mwalimu vinakuja na kundi la wageni au watafiti wa samaki, au hoteli ya ziwani inakuwa na mtu wake kwa msimu fulani. Mimi nilibahatika, kulikuwa na kundi limekuja na kompresa yao (mashine ya kujazia hewa kwenye mitungi) na mwalimu wao, wakawa na nafasi ya watu wawili. Kwa hiyo piga simu hotelini, uliza, subiri jibu, ndo ukate tiketi.

Ukishampata mtu, usianze na bei. Anza na haya: una kadi ya ualimu, naomba niione (mwalimu wa kweli hakasiriki, anaitoa kama dereva anavyotoa leseni). Unachukua wanafunzi wangapi kwa mara moja? Akisema sita mwenyewe bila msaidizi, mwambie asante. Wawili ndo vizuri, wanne ni mwisho. Kwenye boti kuna oksijeni ya dharura? Tunashuka mita ngapi? Kwa mtu wa mara ya kwanza mwisho ni mita 12, na mimi naona hata nane zinatosha sana. Halafu ndo uulize bei, na uulize imejumuisha nini, boti, vifaa, ada ya kuingia ufukweni, maana hapo ndo watu wanagombania wakati wa kulipa.

Msimu nao. Kuanzia Mei mpaka Agosti hivi upepo wa kusini unavuma, ziwa linachafuka, na mwenye boti akikwambia leo hapana usimbishie, huyo anajua anachokiona. Masika maji ya mito yanaingia na tope, hasa upande wa Luiche kule kusini mwa Ujiji, unashuka huoni mkono wako. Mimi nilienda Septemba, asubuhi saa moja na nusu, ziwa limelala kama kioo. Asubuhi siku zote ni nzuri kuliko mchana.

HATUA YA 2: Afya, na hapa usidanganye

Utapewa fomu ya maswali. Pumu, kifafa, moyo, presha, mapafu yaliyowahi kupasuka, upasuaji wa masikio, ujauzito. Ukiwa na kimojawapo unaenda kwanza kwa daktari, na ujauzito ndo kabisa, unasubiri mpaka ujifungue. Kuna watu wanajaza "hapana" zote haraka haraka kama fomu ya kusajili laini, jamani, ile fomu hailindi mwalimu peke yake, inakulinda na wewe. Kigoma hatuna chemba ya presha ya kutibu wazamiaji, ukipata shida kubwa ni safari ya ndege, na ndege yenyewe kwa mgonjwa wa aina hiyo ni hatari nyingine.

Mafua pia. Ukiwa na mafua, hata yale ya kusema "nimepona pona", ahirisha. Njia kati ya pua na sikio inakuwa imeziba na masikio yatakuua kwa maumivu kabla hujafika mita tatu.

Umri ni miaka 10 kwenda juu. Kuogelea sio lazima uwe fundi ila ukiwa mtu wa kuogopa maji mpaka kiunoni, anza kwanza na wiki moja ya kuogelea ndo urudi huku.

HATUA YA 3: Siku ya kwanza usiende na mtungi, nenda na miwani

Huu ni ushauri wangu mwenyewe, hautaupata kwenye fomu. Siku moja kabla, azima miwani ya kuzamia na ule mrija wa kupumulia, wanaita snokeli, nenda Jakobsen pale kwenye mawe, laza uso kwenye maji na pumua tu. Nusu saa. Hapo kichwa kinajifunza kwamba uso ukiwa majini unaweza kupumua, maana mwili wetu umezoea kinyume chake.

Miwani iwe ile inayofunika pua. Zile za kuogelea za macho peke yake hazifai chini, presha inaibana miwani usoni na huna namna ya kupuliza hewa kwa pua kuisawazisha, utatoka na macho mekundu kama umetoka kuchoma mkaa. Kupima kama inakutosha, iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie mikono, ikishika yenyewe hiyo ndo yako. Ikiingiza ukungu tema mate kwenye kioo ndani, sugua, suuza. Ndio, mate. Kuna dawa za kununua lakini mate ni bure na yanafanya kazi.

Wenzangu wenye misuko: fungeni nywele chini kwenye shingo, sio juu, mkanda unapita nyuma ya kichwa sehemu ya juu na ukikaa kwenye rundo la rasta unateleza. Na hata unywele mmoja ukipita chini ya ile mpira ya miwani maji yanaingia. Mwenzangu mmoja anayejistiri alivaa suti ya mpira na kilemba chake cha kuogelea cha kubana, hakikumsumbua hata kidogo, tena hakuhisi baridi kama mimi.

Ukiwa na snokeli usije ukaanza yale mashindano ya utotoni, hasa ile ya kuhema hema haraka haraka mara ishirini halafu ndo unazama. Tulidhani tunajaza hewa. Kumbe unachofanya ni kutoa ile gesi inayouambia ubongo "panda ukavute hewa", kwa hiyo oksijeni inaisha na wewe huna habari, unazimia majini kimya kimya. Nilipoelezwa hilo niliwaza watoto wote tuliokuwa tunacheza nao nikakaa kimya kidogo.

HATUA YA 4: Asubuhi ya siku yenyewe

Kula kidogo. Mimi nilikula chapati mbili na mgebuka wa mawese uliobaki jana, kosa kubwa, mita tano chini ya maji nacheua mawese kwenye mdomo wa kifaa cha kupumulia na siwezi kutema. (Kwa taarifa yako ukitapika unatapika humo humo, kifaa kinapitisha, usikitoe mdomoni. Nilielezwa, sikujaribu, namshukuru Mungu.) Uji, ndizi, maji mengi. Pombe ya jana usiku nayo hapana.

Halafu vifaa. Mwalimu atafunga mwenyewe lakini simama uangalie, ni uhai wako. Kuna mtungi, wa alumini au chuma, unajazwa hewa ya kawaida tu kama hii tunayovuta, sio oksijeni tupu kama watu wanavyodhani, ila imebanwa mpaka kama baa 200 (baa ni kipimo cha presha). Kuna kifaa cha kupumulia, regyuleta, chenye mdomo wako mmoja na mwingine wa akiba wa rangi ya njano kwa ajili ya mwenzako. Kuna jaketi linalojazwa hewa na kutolewa hewa kwa vitufe viwili. Kuna geji, ya kuonyesha hewa iliyobaki. Na kuna mkanda wa risasi, yaani vipande vya yale madini mazito ya risasi, vya kukuzamisha, kwa sababu ukivaa suti ya mpira unaelea kama boya.

Sasa risasi hapa kuna jambo. Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi, na maji ya chumvi ndo yanabeba zaidi. Mtu aliyezoea baharini akija hapa na uzito ule ule wa Zanzibar anashuka kama jiwe la kusagia. Kilo mbili tatu zinapunguzwa. Kama mwalimu wako katoka pwani na anakuvalisha risasi bila hata kukupima majini, muulize tu kwa heshima, "mwalimu, hizi ni za maji ya chumvi au ya ziwa?" Atashtuka umejuaje.

Vitu viwili vya kupima mwenyewe. Cha kwanza, nusa hewa ya mtungi kabla hujavaa. Isiwe na harufu yoyote. Ikinuka petroli au oili au moshi, huvai, hata kama umeshalipa, maana yake kompresa ilikuwa inavuta moshi wa injini yake yenyewe na moshi huo ukivutwa chini ya maji unaua. Cha pili, vuta pumzi tatu nne kwa nguvu huku unaangalia mshale wa geji. Mshale ukicheza cheza unashuka na kupanda, bomba la mtungi halijafunguliwa vizuri. Mshale unatakiwa utulie kama wa saa iliyoishiwa betri.

HATUA YA 5: Maji ya kifuani

Hapa ndo somo lenyewe liko, na ndipo mimi nilipochukua muda mrefu kuliko yule mwenzangu wa kutoka Tabora ambaye ziwa alikuwa analiona kwa mara ya pili maishani.

Unapiga magoti kwenye mchanga, maji yanakufika kifuani ukisimama. Mdomoni unang'ata ile mpira, meno yasikaze sana, midomo ndo inaziba. Unainamisha uso. Na hapo mimi nikafanya nilichofanya miaka ishirini: nikavuta hewa nyingi nikaibana. Nimekaa hivyo najiona mtaalamu, mwalimu yuko mbele yangu kwenye maji ananiangalia, akanigusa kifuani na kidole, halafu akaweka mkono mdomoni mwake akauvuta mbele polepole, kama mtu anayetoa uzi mrefu. Toa. Sikumwelewa. Akarudia. Nikatoa, mapovu yakanipita masikioni kwa kelele kama sufuria ya maharage inayochemka, na baada ya hapo ikabidi nivute, na hofu ikanishika, maana kila kitu mwilini kilikuwa kinasema ukivuta utakunywa maji. Nikavuta. Ikaja hewa, baridi, kavu, ina sauti kama ya mtu anayekoroma kwenye bomba. Nikatoa tena. Nilisimama juu mara tatu kabla sijakubali, na kila nikisimama mwalimu ananiambia jambo moja tu, "dada, toa kwanza, kuvuta kutakuja kwenyewe." Kweli. Ukitoa pumzi yote polepole, kuvuta hakuhitaji ujasiri, mwili unavuta wenyewe.

Sasa ile kwa nini. Ukiwa mita kumi chini presha ni kama mara mbili ya ya juu, kwa hiyo mapafu yako yaliyojaa pale yamebeba hewa ambayo ikifika juu inataka nafasi mara mbili. Chukua puto, lijaze chini, lifunge, lipandishe, litapasuka. Ukipumua kawaida puto halijafungwa, hewa inatoka yenyewe. Ukibana umelifunga. Na mabadiliko makubwa yako karibu na juu, hata mita moja na kitu kwa mapafu yaliyojaa inatosha kuleta madhara, ndo maana sheria inaanzia hapo hapo kwenye maji ya kifuani. Kwenye mashindano yetu ya utotoni hili halikuwepo kwa sababu tulikuwa tunashuka na hewa ya juu, inabanwa tukishuka, inarudi ilivyokuwa tukipanda. Hewa ya mtungi ni nyingine.

Mengine utakayofundishwa hapo: kutoa regyuleta mdomoni na kuirudisha (ukiwa umeitoa, unatoa mapovu madogo madogo muda wote, hubani, unaona inavyorudi ile sheria), kuikung'uta maji kwa kupuliza au kwa kubonyeza kitufe cha mbele, kuitafuta ikikuponyoka kwa kuzungusha mkono wa kulia nyuma kama unajikuna mgongo, na kutoa maji kwenye miwani. Hili la mwisho watu wanaliogopa. Unabonyeza fremu ya juu kwenye paji la uso, unaangalia juu, unapuliza kwa pua. Maji yanatokea chini. Rudia mpaka usijali tena, maana maji kidogo kwenye miwani yataingia tu na ukipaniki kwa hilo safari imeisha.

Na ishara. Hapa nisikilize vizuri. Dole gumba juu kwetu ni "poa, safi". Chini ya maji dole gumba juu ni "tupande". Mwalimu akikuuliza uko sawa anaunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, na wewe unamjibu hivyo hivyo duara. Yule mwenzangu wa Tabora alimuona samaki mzuri, akafurahi, akanyanyua dole gumba, mwalimu akamshika mkono akampandisha juu. Akapanda bila kuelewa kosa lake. Kiganja kikitikiswa kulia kushoto maana yake kuna tatizo, halafu unaonyesha liko wapi, sikio, miwani, mguu. Kama hewa imebaki baa 50 ni muda wa kurudi, tena mwambie mwalimu mapema ukifika 100, asikukamate umekaa kimya.

HATUA YA 6: Kushuka

Shuka miguu kwanza, kwa kamba kama ipo. Masikio unayazibua mapema, kila baada ya nusu mita hivi, usisubiri yaume. Unabana pua juu ya ile mpira unapuliza taratibu mpaka usikie "tik". Kumeza mate nako kunasaidia. Yakiuma, panda kidogo, jaribu tena. Usilazimishe hata kama wengine wako chini wanakusubiri, watasubiri, wamelipa kama wewe. Mimi sikio la kushoto lilinichelewesha dakika nne nzima pale mita tatu nikiwa nimeshika kamba kama mbuzi wa sikukuu.

Upande wa mawe wa Kigoma chini panaporomoka haraka. Unaangalia pembeni unaona ukuta wa mawe, unaangalia upande wa pili bluu tu haina mwisho. Ziwa hili mahali penye kina zaidi ni mita 1,470, duniani limepitwa na Baikal peke yake, na kichwa kikikumbuka hiyo namba kinaweza kukuchezea. Dawa yake ni kuangalia ukuta, sio bluu. Na hukosi kitu kwa kubaki juu: kuanzia mita 100 mpaka 200 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, samaki hakuna, uhai wote umejazana huku huku juu ulipo wewe.

Na uhai wenyewe ndo jibu langu kwa mama. Sokoni nawaona dagaa, mgebuka, kuhe, sangala, wote wamekufa, wote rangi moja. Pale kwenye mawe kuna samaki wadogo wa kila rangi, wengi wa aina ambazo hazipatikani ziwa lingine lolote duniani, watu wa Ulaya wanawafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni na sisi tunaoga juu yao. Wengine wanawalea watoto mdomoni, ukisogea mama anafungua mdomo na wingu la vitoto linaingia ndani, anafunga, anakukazia macho. Kwenye kipande cha mchanga kilichojaa makome matupu nikaona kasamaki kama kidole changu cha mwisho, kanaishi ndani ya kome. Nikasogeza mkono. Kakatoka kakanigonga kwenye kidole cha glavu, kakarudi mlangoni, kakatoka tena kakanigonga. Mimi na mtungi wangu na risasi zangu kilo nne nikarudi nyuma.

Ukibahatika utaona na kiwavi wa majini (jellyfish), yule laini kama plastiki, wa kwetu ni mdogo kama sarafu na hawashi kama wale wa baharini. Kila kitu chini kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja na kiko karibu kuliko kilivyo, kwa hiyo kuhe uliyemuona wa mita moja na nusu punguza ndo usimulie. Rangi nyekundu nayo inapotea mapema, mita tano tu glavu zangu nyekundu zilikuwa kahawia.

Wanaouliza kuhusu nyoka: ndio, yupo swila wa majini anayeishi kwenye mawe humu ziwani, anakula samaki, ana sumu, na hana ugomvi na mtu. Mimi sikumuona. Ukimuona simama, mwache apite, usiingize mkono kwenye mapango ya mawe. Mamba ni suala la mahali, waulize wavuvi wa hapo hapo kabla ya kuingia, sio wa kijiji cha jirani, na kaa mbali na midomo ya mito. Kitu kinachonitisha mimi zaidi ya hao wote ni nyavu zilizokwama kwenye mawe. Mwalimu wako awe na kisu, na wewe usiogelee chini ya kitu chochote usichoona mwisho wake.

Kuna anayeuliza kila mara kama kuna meli ya kuangalia chini. Meli maarufu ya chini ya ziwa letu ni Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo umechelewa miaka mia.

HATUA YA 7: Kupanda

Polepole kuliko mapovu yako madogo. Kama mita tisa kwa dakika, na huku unapumua, unapumua, unapumua. Hewa ya jaketi inatanuka ukipanda kwa hiyo unaitoa kidogo kidogo isikurushe juu. Mita tano mnasimama dakika tatu. Mimi dakika zile tatu nilizipenda kuliko zote, unaning'inia tu, jua linakatika katika juu yako, unasikia injini ya boti ya mbali inakwenda Kibirizi na hujui iko upande gani maana chini ya maji sauti inatoka kila upande. Sikiliza boti, angalia juu, nyoosha mkono kwanza kabla ya kichwa.

Ukitokeza, jaza jaketi, ndo utoe kifaa mdomoni. Sio kabla. Watu wanachoka wakiwa juu, sio chini.

HATUA YA 8: Baada ya hapo

Usipande ndege siku hiyo. Subiri angalau masaa 12 kama umezamia mara moja, 18 kama umezamia zaidi ya mara moja, na mimi nasema lala usiku mzima, ndege ni ya kesho mchana. Sababu ni naitrojeni iliyoingia kwenye damu chini ya presha, inahitaji muda kutoka, ukienda juu haraka inageuka mapovu ndani yako. Na hapa ndo wengi hawajui: sio ndege tu. Ziwa letu liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko kama mita 1,200, na barabara ya Kasulu inapanda milima mara tu unapoiacha Kigoma. Kwa hiyo umetoka kuzamia saa nne asubuhi, saa sita uko kwenye basi la Kasulu, umepanda mlima na mapovu yako. Lala Kigoma. Huo mwinuko wa ziwa pia ndo sababu kompyuta ya kuzamia anayovaa mwalimu mkononi kama saa inatakiwa iwe imewekwa kwa ajili ya maziwa yaliyo juu ya usawa wa bahari, muulize tu.

Viungo vikiuma, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, vipele vya ajabu, ndani ya siku ile au kesho yake, usimeze panadol ukalala. Mpigie mwalimu, vuta oksijeni, nenda hospitali na useme neno hili waziwazi: nilizamia na mtungi. Daktari asiyeambiwa atakupima malaria.

Halafu kichocho. Ziwa linacho, hasa sehemu zilizotulia zenye majani na konokono karibu na makazi. Chagua kuingilia kwenye mawe na mchanga, jifute haraka ukitoka, na hata hivyo baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili nenda kapime. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, unameza kwa uzito wako. Nilipotoka majini niliweka tarehe kwenye simu palepale ufukweni, mkono bado umejikunja kwa maji.

Nyumbani mama alikuwa ameniwekea ugali wa muhogo na migebuka. Akaniuliza umewaona? Nikamwambia nimewaona. Nikamuelezea yule wa kwenye kome, alivyotoka kunipiga. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini, akasema, "Sasa na wewe umeenda kwa mtu bila hodi."